Goba Ikiwaka, Jirani Ndiye Zimamoto

Nyumba ikishika moto Goba, chombo cha kwanza kufika ni bodaboda. Dereva ameona moshi akiwa kijiweni, amempakia mwenzake, wamefika mikono mitupu. Nyuma yao wanakuja majirani na ndoo. Kisha anakimbiliwa fundi mchomeleaji wa mageti, kwa kuwa kuna mtu amekumbuka kwamba madirisha ya nyumba ile yana nondo na fundi yule ana grinda. Gari jekundu la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaingia baadaye, king'ora kimesikika muda mrefu kabla halijaonekana, na dereva wake anauliza njia.

Watu hao wa mwanzo hawamo kwenye orodha ya ofisi yoyote. Hawana sare, hawana bima, hawajafundishwa, wala hakuna aliyewatuma. Kwingineko wangeitwa wazima moto wa kujitolea. Hapa huitwa "wananchi waliojitokeza", na moto ukishazimika baadhi yao huambiwa asante, wengine huulizwa televisheni imekwenda wapi. Dar es Salaam ya pembezoni inaishi kwa kuwategemea, ingawa hakuna bajeti wala mpango wa mtaa unaowataja.

Goba ni kata ya Wilaya ya Ubungo. Kabla Ubungo haijagawanywa kutoka Kinondoni, katikati ya muongo uliopita, ilihesabiwa Kinondoni. Lami imeifikia kutoka pande zote: Tangi Bovu upande wa Mbezi Beach, Mbezi Louis kwenye Barabara ya Morogoro, Makongo kupitia Chuo Kikuu Ardhi, na Madale kuelekea Wazo. Ukiiacha lami hiyo hatua mia mbili tu, uko kwenye mteremko wa mchanga, korongo upande mmoja na ukuta upande mwingine. Watu walinunua mashamba vipande vipande, kila mmoja akajenga ukuta hadi mwisho wa eneo lake, na njia ikawa ile iliyobaki. Gari dogo linapita, likikutana na jingine moja linarudi nyuma. Gari la zimamoto lililojaa maji lina uzito wa tani nyingi, linahitaji nafasi ya kupinda, na dereva wake hana sababu ya kuliamini karavati lililojengwa kwa mchango wa majirani na mifuko michache ya saruji.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ilikuta 5,383,728. Ni watu zaidi ya milioni moja walioongezeka katika miaka kumi, na wengi wa wanaojenga wamekwenda huko nje: Goba na Madale, Chanika, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, Kigamboni ng'ambo ya pili. Vituo vya zimamoto havikuongezeka kwa kasi hiyo. Jijini, kituo cha zamani cha Barabara ya Morogoro kimekaa pale muda mrefu kiasi kwamba kituo cha mabasi kilicho jirani kinaitwa Fire, na abiria husema "shusha Faya" bila kufikiria moto. Huku pembezoni mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kuliona gari la zimamoto kwa karibu.

Kuna lawama moja ambayo kila askari wa zimamoto nchini ameisikia: wanakuja wamechelewa, tena hawana maji. Kwenye kila moto mkubwa lazima atokee mtu wa kuitamka, na imewahi kufika mahali wananchi wenye hasira wakayapiga mawe magari yaliyokuja kuwasaidia. Lawama ya kuchelewa ina ukweli wake. Ya maji inahitaji hesabu. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Bomba moja likimwaga lita 500 kwa dakika, tangi limekwisha ndani ya dakika kumi. Yakifunguliwa mabomba mawili, ni dakika tano. Gari halikuja tupu. Lilikuja na maji ya dakika tano kwenye moto uliokwisha kuwaka nusu saa. Katika mji uliopangwa, gari lingeunganishwa na bomba la barabarani lililowekwa kwa kazi hiyo na kuendelea kumwaga. Goba, ambako kwa miaka mingi wakazi walinunua maji ya kunywa kwenye maboza, mabomba ya namna hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Mtandao wa DAWASA umesogea, lakini katika nyumba nyingi akiba ya kutegemewa bado ni simtanki juu ya mnara.

Na nusu saa ile ya mwanzo imekwendaje? Sehemu yake imeliwa na foleni. Sehemu nyingine imeliwa na sisi wenyewe. Mtu anaona moto, anampigia mwenye nyumba aliyeko kazini Posta, mwenye nyumba anampigia shemeji yake, shemeji anaandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na tayari kuna watu watatu wanarekodi video. Namba ya dharura ya zimamoto ni 114, haina malipo, lakini mara nyingi ndiyo ya mwisho kupigwa. Jeshi nalo limelalamika mara kwa mara kwamba simu nyingi zinazoingia ni za mzaha, za watoto na watu wazima wanaopiga na kucheka.

Chumba chenye makochi ya sponji, mapazia na zulia la nailoni kinaweza kulipuka moto mtupu kutoka ukuta hadi ukuta katika dakika tatu hadi tano tangu cheche ya kwanza. Weka muda huo kando ya safari ya kutoka kituoni hadi mteremko wa Kulangwa au Matosa saa kumi na mbili jioni. Hata Jeshi lingenunuliwa magari mapya kesho asubuhi, dakika tano za mwanzo zitabaki kuwa za jirani. Swali linalotakiwa kuulizwa ni kama jirani huyo anajua afanye nini.

Kwa sasa, kwa sehemu kubwa, hajui. Anarusha maji kwenye sufuria ya mafuta ya chipsi inayowaka, na mafuta yanaruka hadi darini. Anavunja dirisha na mlango ili moshi utoke, kumbe ameupa moto hewa uliyokuwa ukiikosa. Anakimbilia kutoa friji kabla hajauliza kama kuna mtoto amelala. Anamwagia ndoo soketi inayoungua bila kuzima umeme kwenye swichi kuu.

Halafu kuna suala la nondo. Goba ni eneo la watu walioibiwa au wanaoogopa kuibiwa, na kila nyumba imefungwa kama benki: nondo madirishani, geti la chuma mlangoni, kufuli ndani, ufunguo umewekwa mahali anapopajua baba peke yake. Fundi akija na grinda yake anakuta umeme umeshakatwa, kama inavyopaswa, na grinda haina pa kuchomekwa. Hapo ndipo watu hubaki wakivuta nondo kwa mikono huku wakisikia sauti ndani. Mtaimbo mmoja, mkasi mmoja mkubwa wa kukatia chuma na nyundo nzito vingetosha kubadili mambo, navyo vinauzwa kwenye duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi.

Dar es Salaam inajua gharama ya milango isiyofunguka. Februari 2015 watu sita wa familia moja walikufa kwa moto Kipunguni, Ilala. Agosti ya mwaka huohuo watu tisa wa familia moja waliteketea Buguruni Malapa. Kila mara majirani walikuwapo.

Kujitokeza si jambo ambalo Watanzania wanahitaji kufundishwa. Oktoba 11, 2020 moto ulizuka Whona, kwenye mapumziko ya wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo, Kilimanjaro. Hakuna gari la maji linalopanda kule. Walipanda watu: askari wa hifadhi na wa zimamoto, wapagazi, wanakijiji wa miteremko ya chini, na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka. Walikuwa mamia, wakikata majani kufungua njia ambayo moto usingeweza kuivuka na kuupiga kwa matawi mabichi, usiku kwenye baridi inayouma mifupa, kwa siku nyingi. Moto huo ulitangazwa dunia nzima kwa sababu ya jina la mlima. Waliouzima walirudi makwao na matope miguuni.

Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, walioanza kuchimbua walikuwa wafanyabiashara wa maduka ya jirani, wabeba mizigo na vijana wa mtaani. Walipitisha vipande vya zege mkono kwa mkono huku walionaswa chini wakiwapigia ndugu zao simu. Vyombo vya ulinzi na uokoaji vilifika, vikaleta mitambo na utaratibu, na watu zaidi ya 80 walitolewa hai. Hakuna anayeweza kusema wangapi kati yao wanadaiwa na mikono ya watu ambao hadi leo hawajulikani majina.

Mmoja jina lake lilijulikana, na yaliyompata yanaeleza vizuri jinsi tunavyowatazama watu wa aina hii. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliowahi kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, 19 walikufa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisimulia alivyokwenda kwenye mlango wa nyuma na kasia lake, na ndani ya saa chache nchi nzima ilikuwa ikimtaja. Mkuu wa Mkoa wa Kagera alimkabidhi shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaelekeza aingizwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kisha upepo ukageuka. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba mlango ulifunguliwa na mhudumu wa ndege, na waliokuwa wakimbeba mabegani wakaanza kumwita mwongo.

Mtu akitazama kwa utulivu ataona jambo jingine kwenye mkasa huo. Kijana yule aliingia majini wakati ambao angeweza kukaa ufukweni na kutazama. Wavuvi wenzake waliingia pamoja naye, na hawakupewa hata picha. Nchi ilimtaka mtu mmoja, ikampandisha juu, ikamshusha, na haikuuliza swali lililokuwa na faida: kwa nini wavuvi wa mwambao ule, wanaojua maji kuliko mtu yeyote, hawakuwa wamefundishwa na kupangwa kuwa waokoaji kabla ndege haijaanguka? Kumwajiri mmoja baada ya ajali ni ukarimu. Kuwaandaa mia kabla ya ajali ndiyo kazi.

Maofisa wa zimamoto wana hofu yao kuhusu makundi ya watu kwenye eneo la tukio, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Agosti 10, 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakalizunguka na madumu, likalipuka. Waliokufa walizidi mia moja. Hakuwa na hatia nzito mtu aliyechota lita mbili za petroli, lakini tangu siku ile askari yeyote akiona umati unakaribia moto anakumbuka Msamvu. Kuna pia vibaka, ambao kila moto wa mjini huwavuta, wanaobeba magodoro kana kwamba wanaokoa na kupotelea uchochoroni. Kwa hiyo mwenye nyumba anamtazama kwa shaka kila mgeni anayeingia getini kwake, na kijana mwema wa bodaboda anayejua atashukiwa anafikiria mara mbili. Shaka hiyo inaua. Dawa yake ni kumtambulisha anayesaidia: kizibao cha rangi moja, jina lililo kwenye daftari la serikali ya mtaa, sura ambayo watu wameiona mkutanoni.

Hili limefanyika kwingine, tena katika miji mikubwa. Chile, tangu kikosi cha kwanza kilipoanzishwa Valparaíso mwaka 1851, wazima moto ni wa kujitolea, hata katika jiji kuu la Santiago. Wakili, fundi bomba na mwanafunzi huacha shughuli zao kengele ikilia, nao huchangia ada ili kikosi chao kiendelee kuishi. Kuwa mmoja wao ni heshima ambayo familia hurithishana. Hamburg ya Ujerumani, jiji ambalo liliungua vibaya Mei 1842 na ambalo tangu 2010 lina undugu rasmi na Dar es Salaam, lina askari wa zimamoto wa kulipwa na, pembeni yao, vikosi zaidi ya 80 vya kujitolea vilivyotawanyika mitaani. Wale wa kulipwa hawawaoni hawa kama wavamizi. Wanafanya mazoezi pamoja na kuitwa kwa mfumo mmoja.

Atakayesema hayo ni ya Wazungu na Wachile akumbuke sungusungu. Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walijipanga wenyewe, na baadaye serikali ikautambua utaratibu huo kisheria. Leo ulinzi shirikishi uko katika mitaa mingi ya Dar es Salaam: kaya zinachangia kila mwezi, vijana wanazunguka na filimbi na tochi usiku, mwenyekiti anawajua kwa majina. Vijana haohao ndio wanaokuwa macho saa nane za usiku, saa ambayo moto huua zaidi kwa kuwa watu wamelala. Wanajua nyumba ipi ina mzee asiyetembea na njia ipi inapitika mvua ikinyesha. Wamefundishwa kumkabili mwizi tu.

Kwa mtaa mmoja wa Goba gharama ya kuwaandaa vijana hao kwa moto haitishi. Kabati la chuma ofisini kwa mwenyekiti, ndani yake mtaimbo, mkasi wa chuma, nyundo, ngazi, ndoo, blanketi zito, mitungi miwili mitatu ya kuzimia moto, vizibao na kisanduku cha huduma ya kwanza. Orodha ya nyumba zenye simtanki kubwa au kisima, na ya wenye maboza ambao namba zao zinapatikana usiku. Makubaliano na askari wa zimamoto kuja kufundisha, jambo ambalo Jeshi hufanya kwa shule, masoko na viwanda linapoalikwa. Mafunzo ya huduma ya kwanza kutoka Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kina wajitoleaji wake nchi nzima. Kinachobaki kigumu zaidi ni bima ya watakaoumia, na hapo serikali haiwezi kukwepa: anayeunguzwa mikono akimtoa mtoto wa jirani hapaswi kuachiwa bili ya hospitali.

Haja ya maandalizi hayo inaongezeka. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, maana yake mitungi ya gesi inaingia kwenye jiko la kila mtu, mama lishe, muuza chipsi na mpangaji wa chumba kimoja. Ni jambo jema kwa mapafu na kwa misitu. Lakini mtungi umekuja nyumbani haraka kuliko maarifa yake. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime taa. Fungua madirisha, funga koki, utoe mtungi nje. Mpira ukiwaka, funika kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa na ufunge koki. Kijana mmoja wa ulinzi shirikishi anayejua mambo hayo na kuyasema kwenye kila geti analopitia atazima mioto ambayo haitaripotiwa popote, kwa sababu haitatokea.

Mwaka 2022 nchi nzima iliwekewa anwani za makazi, na nguzo za majina ya mitaa zikasimama hata Goba. Wengi hawajui namba ya mlango wao. Itazame leo, uiandike karibu na mlango pamoja na namba ya mwenyekiti wako. Weka ufunguo wa geti mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuufikia gizani, na dirisha moja la chumba cha kulala lifungwe nondo zinazofunguka kwa ndani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, simama uulize kabati la vifaa vya moto liko wapi na nani amefundishwa. Na ukiona moshi, piga 114 kabla ya kumpigia mwenye nyumba: anayepokea atataka kujua kinachoungua ni nini, kama kuna mtu ndani, na gari lipite njia gani.